Friji inapiga shoti usiku tu: kisa cha taa ya nje iliyorudisha umeme kwenye ethi

Mwenye nyumba hakuniita kwa ajili ya taa. Ni mama mmoja wa Kigamboni, na alichokuwa akilalamikia ni friji: ukishika mlango wake ukiwa peku na sakafu ina majimaji, inakupiga. Si shoti ya kukutupa chini, ni ule mtetemo unaofanya mkono ujirudishe wenyewe. Fundi wa friji alishaitwa mchana, akafungua nyuma, akapima, hakuona kitu, akasema friji ni nzima. Alisema kweli. Mimi nilitua begi na kuanza kuuliza maswali kabla sijagusa chochote, kwa sababu ya jambo ambalo mama alilitaja kwa kupita tu: "Mchana haina neno, fundi. Inapiga usiku."

Friji haijui usiku wala mchana. Ikiwa ina hitilafu ya umeme kuvuja kwenye bodi, yaani gamba lake la chuma, itavuja saa nane mchana kama inavyovuja saa nane usiku. Kwa hiyo kuna kitu kingine ndani ya nyumba ile kinachowashwa jua likizama. Nilipouliza ni taa zipi zilizoongezwa karibuni, tukatoka wote nje hadi kibaraza cha jikoni, na pale juu ya mlango palikuwa na taa ya LED ya wati 30, ile ya bapa yenye bodi ya alumini, inang'aa vizuri kabisa.

Tuliirudia friji tukiwa na multimita. Ncha moja kwenye skrubu ya bodi ya friji, nyingine kwenye nyutro ya soketi, ule waya wa kurudishia umeme. Taa ya nje ikiwa imezimwa, mita ilisoma chini ya volti 1. Mama akaenda kuiwasha, namba zikapanda hadi volti 70 na ushee. Akazima, zikashuka. Akawasha tena bila kuambiwa, akabaki ananiangalia.

"Sasa taa ya nje na friji wapi na wapi, mwanangu?"

Ndiyo hasa habari yenyewe. Kijana aliyefunga taa ile hakuwa mzembe wala hakuwa na wazo baya. Nyumba ni ya vyumba vitatu, ilifungwa umeme kwa rangi za zamani: nyekundu laivu (unaoleta umeme), nyeusi nyutro, kijani ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini), zote zimepita kwenye paipu za plastiki ndani ya ukuta. Taa ziko kwenye breka ya ampea 10 kwa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi ziko kwenye waya wa 2.5. Swichi ya taa ya jikoni iko kwenye ukuta uleule wa kibaraza, upande wa ndani. Ukitoboa nyuma ya boksi la swichi, unatokea karibu kabisa na mahali taa inapotakiwa. Unatoa swichi ya kitufe kimoja, unaweka ya vitufe viwili, waya mfupi unapita tundu, kazi imekwisha bila kutindua ukuta wala kuharibu rangi. Kwa mfuko wa mwenye nyumba na kwa muda wa fundi ni wazo zuri, na hata mimi ningelitazama kwanza kabla ya mengine.

Kikwazo ni kilichomo ndani ya boksi. Nyumba nyingi zetu zimefungwa kwa mtindo wa Kiingereza wa kupitishia umeme darini. Laivu na nyutro zinatoka kwenye breka hadi siling rozi (kile kishikio cha darini kinachoning'iniza balbu) ya taa ya kwanza, zinaruka hadi rozi ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Kutoka kila rozi zinashuka waya mbili hadi swichi: moja inaleta laivu, nyingine inairudisha juu ikiwa swichi imewashwa. Nyutro haishuki. Swichi inakata na kuunganisha laivu tu, nyutro haina shughuli pale. Fundi anayefungua boksi hilo akitafuta umeme wa taa mpya anaupata nusu: laivu ipo, ya kudumu kabisa, lakini njia ya kurudi haipo.

Kilichokuwepo kingine ni waya wa kijani. Na hapa ndipo testa ya bisibisi inapomponza mtu. Ukiigusisha kwenye laivu, kataa ka ndani kanawaka. Ukiigusisha kwenye nyutro, giza. Ukiigusisha kwenye ethi, giza vilevile. Kwa testa, nyutro na ethi ni kitu kimoja. Hata multimita haikusaidii sana: pima laivu na nyutro utapata kama volti 230, pima laivu na ethi utapata karibu hizohizo. Halafu unajaribu kwa vitendo, unafunga taa kati ya nyekundu na kijani, taa inawaka. Kila kipimo ambacho kijana alikuwa nacho mfukoni kilimwambia yuko sawa.

Taa iliwaka kwa sababu ardhi inapitisha umeme. Mahali kama pale mteja anaingiziwa laivu na nyutro kutoka nguzoni, na ethi anajitengenezea mwenyewe kwa fimbo ya chuma inayochimbiwa nje ya nyumba. Nyutro ya shirika la umeme nayo imeunganishwa na ardhi huko kwenye transfoma. Umeme wa taa ile ulitoka kwenye breka, ukapita swichi, ukapita taa, ukaingia waya wa kijani, ukashuka kwenye fimbo, ukasafiri udongoni hadi kwenye transfoma. Safari ndefu, lakini ni safari kamili.

Wati 30 kwa volti 230 ni ampea 0.13 tu. Fimbo ikiwa na upinzani wa omu 50, waya wa ethi unapanda kwa volti zisizofika 7, na hakuna mtu atakayehisi chochote. Naamini ndivyo ilivyokuwa mwanzoni. Lakini Kigamboni ni mchanga, na mchanga ukikauka haushiki umeme. Tulipochimbua kwenye fimbo, kibanio cha kuunganisha waya kilikuwa kimeota ukoko wa kijani kwa chumvi ya bahari, skrubu imeliwa, waya umeegemea tu. Fimbo yenyewe ilikuwa fupi, imefukiwa kwenye mchanga wa juu usio na unyevu wowote.

Kwa volti 70 nilizosoma, hesabu inakwenda hivi. Taa ilibakiwa na volti 160. Draiva ya LED nyingi za aina ile, yaani kifaa cha ndani kinachoilisha taa umeme, inakubali kuanzia volti 85 hadi 265, na volti zikipungua inavuta ampea zaidi ili wati zibaki zilezile. Wati 30 kwa volti 160 ni ampea 0.19. Volti 70 ukigawa kwa ampea 0.19 unapata upinzani wa omu zisizopungua 360. Balbu ya zamani ya waya ingefifia, mama angelalamikia taa mapema, na fundi angerudi. LED haikulalamika. Iliendelea kung'aa huku volti zilizoikosa zikikaa kwenye waya wa ethi wa nyumba nzima.

Kwa maana waya ule wa kijani si wa swichi ya jikoni peke yake. Umeshikana na ethi ya kila soketi, na kwa hiyo na bodi ya kila kifaa cha chuma chenye plagi ya pini tatu: friji, pasi, birika, mashine ya kufulia. Vyote vilikuwa na volti 70 kila usiku. Friji ndiyo iliyosema kwa sababu ndiyo inayoguswa kwa mikono yenye maji. Volti 50 ndio mpaka ambao mafundi hufundishwa kuuogopa kwa mguso wa mahali pakavu, na pale jikoni hapakuwa pakavu.

Mama aliuliza swali la maana: mbona breka haikukata? Breka ya ampea 10 inalinda waya usiungue. Ampea 0.19 haiioni kabisa, na isitoshe kwake huo ni mzigo wa kawaida wa taa. Kifaa ambacho kingekataa siku ileile ya kwanza ni RCD, kile kinacholinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro, na kukata tofauti ikifika miliampea 30. Hapa tofauti ilikuwa miliampea 190. Mein swichi ya nyumba ile ni ya zamani, RCD haikuwemo. (Nimekuta nyumba ambazo RCD ilikuwemo, ikakata baada ya kazi kama hii, na fundi akaitoa akisema ni mbovu.)

Na volti 70 haikuwa hali mbaya kuliko zote. Kibanio kile kingeachia kabisa, waya wa kijani ungebaki hauna pa kwenda, na njia pekee ya kurudi ingekuwa mtu anayeshika friji huku amesimama chini. Kati yake na laivu kungekuwa na taa tu, na taa inapitisha. Kuna pia hatari ya upande mwingine: baadhi ya mita za kisasa za malipo ya kabla hupima laivu na nyutro zote mbili, na zikiona hazilingani huhesabu kwamba kuna mtu anachezea mita. Ukitembelewa na wakaguzi na umeme wako unarudia udongoni, una maelezo marefu ya kutoa.

Njia tulizozipima

Kuiondoa taa isingekuwa jibu. Mama anaihitaji, kibaraza kile usiku ni giza totoro, na nyaya zilizomo ndani ya nyumba zinatosha kuibeba. Nilihesabu mzigo wa saketi ya taa: balbu za LED kumi, kila moja kati ya wati 9 na 12, jumla kama wati 110. Ukiongeza 30 unapata 140, yaani ampea 0.6 kwenye saketi ya ampea 10. Enzi ilipofungwa, nyumba hiyo ilitumia balbu za wati 100 na 60 na waya uleule ulizibeba. Watu wakifikiria kuongeza taa huogopa kuzidisha mzigo. Siku hizi, kwa taa moja ya LED, mzigo ndio jambo dogo kuliko yote. Kubwa ni kupata laivu na nyutro za saketi moja, mahali pamoja, katika hali nzuri.

Shemeji yake mama, aliyekuwa amesimama pale akifuatilia, alionyesha soketi iliyo chini ya swichi. "Si uchukue nyutro ya hapo? Ni hatua moja." Ni hatua moja kweli, na ni ushauri ambao mafundi wengi wangeufuata. Nilimkatalia. Laivu ingetoka kwenye breka ya taa na nyutro ingerudi na soketi. Siku fundi mwingine atakapozima breka ya soketi na kuachia nyutro yake ili arekebishe kitu, akiamini amezima, nyutro ile itakuwa na umeme unaopitia kwenye taa ya nje, na itampiga. Na nyumba ikiwekewa RCD mbili, moja ya taa na moja ya soketi, zote zitakuwa zinakata kila taa inapowashwa, na hakuna atakayejua kwa nini.

Kuchukua zote, laivu, nyutro na ethi yake, kutoka kwenye soketi hiyo ingewezekana na ni kazi halali. Unaweka swichi yenye fyuzi ya ampea 3 pembeni ya soketi ili waya mwembamba wa taa usitegemee breka kubwa ya soketi, na kutoka hapo unatoboa kwenda nje. Ingekuwa nyumba isiyo na vigae jikoni, huenda ningechagua njia hii. Hapa ukuta una vigae hadi usawa wa kifua, mama ana masalio mawili tu ya vigae vile stoo, na dukani havipo tena.

Tukabaki na dari. Kwenye rozi ya taa ya jikoni kuna laivu ya kudumu, nyutro na ethi, za saketi moja. Kutoka pale hadi ukuta wa kibaraza, juu ya kenchi, ni mita chache. Paipu ya swichi ina waya tatu tu ndani, wa nne unapita. Mpango ukawa huu: swichi ya vitufe viwili aliyoweka kijana ibaki, laivu yake ibaki, lakini badala ya waya wa taa kutokea kwenye tundu la ukuta, upande juu darini ndani ya paipu, ukutane huko na nyutro na ethi, na waya wenye nyuzi tatu ushuke nje kupitia ukingo wa paa.

Darini

Nilizima mein swichi nzima, si breka ya taa peke yake. Katika nyumba ambayo mtu ameshatumia ethi kama nyutro, siamini tena kwamba breka iliyoandikwa "taa" inazima taa zote. Testa ilijaribiwa kwanza kwenye soketi yenye umeme, ndipo ikatumika kuthibitisha kwamba hakuna, halafu ikarudishwa tena kwenye chanzo chenye umeme kuhakikisha haijafa katikati.

Rozi ya jikoni ilinichukua muda kuliko nilivyotarajia. Miaka ya balbu za wati 100 ilikuwa imeikaanga. Plastiki ya waya, kwa urefu wa kidole kutoka kwenye skrubu, ilikuwa ngumu kama ganda la yai. Ukiukunja kidogo inapasuka na shaba inaonekana. Ukiunganisha waya mpya kwenye hali hiyo umehamishia tatizo darini, kwenye mbao kavu. Nilivuta akiba ya waya iliyokuwa imekunjwa juu ya dari, nikakata hadi plastiki inayokunjika bila kupasuka, nikaunganisha upya ndani ya boksi la maungio lenye kifuniko, kwa koneta za skrubu, si kwa kusokota na tepu. Rozi ya zamani ikatupwa. Nilifuata waya kwa tochi hadi kwenye rozi ya jirani kuangalia meno ya panya, na mahali pamoja palikuwa na alama, ila plastiki haikutobolewa.

Waya uliokuwa umenunuliwa kwa kazi ya kwanza nao haukurudi kazini. Nilikwangua uzi mmoja kwa kisu, chini ya rangi ya shaba ukatoka weupe. Ni alumini iliyopakwa shaba, inauzwa kwa bei ya kumfurahisha mteja. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, inalegea kwenye skrubu, na hewa ya bahari inaimaliza haraka. Tukanunua wa shaba halisi wa milimita za mraba 1.5, wenye laivu, nyutro na ethi.

Nje, waya haukuachwa wazi. Plastiki nyeupe ya waya bapa inapigwa na jua, inakauka na kupasuka, kwa hiyo ulipita kwenye paipu hadi karibu na taa. Mwisho wake ulikunjwa kushuka chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye taa, ili maji ya mvua yadondokee pale chini yasifuate waya hadi ndani. Taa ni ya IP65, yaani haiingizi vumbi wala maji ya kurushwa, lakini alama hiyo inahusu taa yenyewe. Waya mfupi unaokuja nayo ukiunganishwa hewani kwa tepu, maji yanaingilia hapo. Kiungo kilikaa ndani ya kiboksi kisichoingiza maji. Tundu la zamani nyuma ya swichi lilizibwa kwa saruji, na ule waya wa kijani ukarudishwa kwenye skrubu ya boksi la chuma la swichi, mahali pake.

Ethi ilihitaji kazi yake yenyewe. Kurekebisha taa tu kungeondoa volti 70, lakini nyumba ingebaki na fimbo isiyoshika, na siku pasi itakapoharibika kweli hakuna kitakachotokea kwenye breka. Tuliweka fimbo ya pili, ndefu, tukiipigilia hadi kwenye mchanga wenye unyevu, mbali na ya kwanza kwa urefu unaozidi fimbo yenyewe ili kila moja ifanye kazi na udongo wake. Vibanio vipya vya shaba, vimepakwa grisi, vimewekwa ndani ya kishimo chenye kifuniko ili vikaguliwe bila kuchimba. Kisha RCD ya miliampea 30 baada ya mein swichi. Kwenye mchanga namna hii, RCD ndiyo inayokata; fimbo peke yake, hata ikiwa nzuri, haipitishi ampea za kutosha kuangusha breka.

Umeme uliporudi, bodi ya friji ilisoma karibu na sifuri taa ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Kitufe cha majaribio cha RCD kilikata mara moja. Baadaye jioni hiyohiyo RCD ilikata yenyewe, mama akanipigia simu kwa wasiwasi. Ilikuwa pasi. Ina umri wake, na waya wake ulikuwa umechubuka pale unapoingilia kwenye mpini.

Alitaka pia taa ijiwashe yenyewe magharibi. Hilo sasa ni rahisi: foto seli (kihisi cha mwanga) ina waya tatu, laivu, nyutro na wa kwenda kwenye taa, na zote zinapatikana pale kwenye kiboksi cha nje. Ingefungwa kwenye mpango wa kwanza, nayo ingekuwa inarudisha umeme wake kwenye ethi, usiku na mchana.

Kilichobaki ni geti. Liko mbali na nyumba, upande wa barabara, na mama alitaka nivute kutoka kwenye taa hii ya kibaraza niipeleke huko. Nilimwambia hapana. Waya wa kwenda getini unapita chini ya ardhi ambako watoto wanachimba na lori la mchanga linageuzia, unahitaji kebo yenye deraya (kinga ya chuma), ufukiwe kwa kina, uwe na breka yake kwenye boksi la breka, na ufungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, atakayesaini kazi yake. Ameniomba nimwandikie orodha ya vifaa aanze kununua kidogokidogo.